Upara wa makovu: Usiufiche chini ya mtandio



Katika safu yetu ya Afya na Usafi leo tutazungumzia maradhi ambayo wengi wetu hatuyajui kwa jina, lakini huenda yamo ndani ya nyumba zetu hizi hizi za Mabibo, Kigogo, Manzese na Mburahati. Ni maradhi yanayoshambulia ngozi ya kichwa, yakaua mashina ya nywele na kuacha kovu mahali pake. Nywele zilizoondoka kwa njia hii hazioti tena. Maradhi yenyewe yapo ya aina kadhaa, na baadhi yake ni nadra sana, ila yote yana tabia hiyo moja. Kwa hiyo katika makala hii tutayaita kwa jina moja: upara wa makovu.

Naanza na kisa ambacho mwenyewe ameniruhusu nikisimulie bila kumtaja. Mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa sokoni, alinijia nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya utabibu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, kichwa kinaniwasha na kinaniwaka moto kama nimepakwa pilipili. Nipe dawa ya mapunye." Akasogeza mtandio kidogo juu ya sikio, akanionyesha sehemu ya pembeni yenye mba. Niliona haya kumwambia mtu wa umri wa mama yangu afunue kichwa chote, naye aliona haya kufunua. Nikamwandikia dawa ya fangasi. Akarudi mara mbili, na mara zote mbili nikamwandikia dawa ileile.

Mara ya nne alikuja na binti yake. Binti ndiye aliyesema, "Daktari, naomba umwangalie utosini." Tukamwita muuguzi wa kike, akamsaidia kufunua. Utosi ulikuwa mtupu kwa upana wa kiganja, ngozi laini inayong'aa, haina hata alama ya mahali palipokuwa na unywele. Alikuwa ameuficha kwa miaka mitatu. Alishakunywa makombe, alishaambiwa ana jini, alishapaka vitunguu saumu mpaka ngozi ikaungua. Nikampa rufaa kwenda kwa wataalamu wa ngozi, wakakata kipande kidogo cha ngozi kukipima na wakathibitisha ugonjwa. Kwa tiba aliyopewa moto na muwasho vilikwisha na upara haukuendelea kutanuka. Lakini nywele za utosini hazikurudi, na miezi ile niliyompotezea kwa dawa ya fangasi siwezi kumrudishia.

Ndiyo sababu naandika makala hii, ili wewe usipotezewe miezi, wala usijipotezee mwenyewe.

Mgomba na tunguu lake

Ili uelewe ugonjwa huu, tazama mgomba. Ukiukata mgomba juu, baada ya siku chache utaona unachipua tena, kwa sababu tunguu lake liko salama ardhini. Lakini ukilichimba tunguu lote ukalitoa, kisha ukamwaga zege juu ya shimo, hapo usitegemee ndizi tena. Hata umwagilie maji na mbolea kiasi gani, zege halichipui.

Unywele nao ni hivyo hivyo. Kila unywele umeota ndani ya kishimo kidogo cha ngozi kiitwacho kinyweleo. Ubavuni mwa kinyweleo hicho, karibu na tezi inayotoa mafuta, kuna chembe maalumu ambazo kazi yake ni kuotesha unywele mpya kila wa zamani unapodondoka. Hizo ndizo tunguu. Katika upara wa makovu uvimbe unaingia hapo hapo penye chembe hizo, unaziua, na mwili unaziba pengo kwa kovu. Kovu ndilo zege.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kukatika kwa nywele kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ambayo tunguu limebaki. Kila mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku na nyingine huota. Mwanamke aliyejifungua hudondosha nyingi zaidi miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, na kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka mmoja. Aliyeugua homa kali au aliyepungukiwa damu humpata hayo hayo. Wapo pia wanaonyonyoka mabaka ya mviringo ghafla bila maumivu. Huo nao si upara wa makovu, na wengi wao nywele huota tena.

Namna ya pili ndiyo mada yetu. Hapa mlango umefungwa. Faida ya tiba ni kuzuia upara usisogee mbele, si kurudisha kilichokwisha kufa. Ndiyo maana kila mwezi una thamani.

Aina zake

Aina ya kwanza, inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, ni ile inayoanzia utosini na kutanuka kuelekea pembeni taratibu kwa miaka. Ndiyo iliyompata yule mama. Mwanzo wake ni nywele za utosini kukatika katika, fupi fupi, zikawa nyepesi kuliko za pembeni. Wengine huhisi muwasho, moto au kuuma ngozi inapoguswa, na wengine hawahisi chochote. Kule Marekani mwaka 1968 madaktari waliiita upara wa chanuo la moto, wakidhani chanuo hilo ndilo sababu pekee. Baadaye ikaonekana wapo wanaougua bila kulitumia kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba karibu robo ya wanawake waliopimwa walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, yaani chembe ya urithi inayosaidia kuunda unywele. Kwa hiyo wale waliokwambia ni jini waambie kwamba kwa baadhi ya watu ni jeni. Mwenye hitilafu hiyo nywele zake ni dhaifu tangu mwanzo, na moto, rilaksa na kuvuta vinaongeza madhara.

Aina ya pili ni upara wa kuvutwa. Huu huanzia kwenye panja na juu ya paji la uso, pale nywele zinapovutwa na msuko. Mwanzoni unapona ukiacha kuvuta. Ukiendelea kwa miaka, kovu huingia. Utafiti uliofanywa Langa, Cape Town, na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta takriban theluthi moja ya wanawake wazima wana upara wa aina hii. Utafiti huo huo ulikuta upara wa utosini kwa karibu wanawake 7 katika kila 100 waliopita miaka 50. Hizo ni takwimu za huko, lakini misuko yetu na yao haitofautiani sana.

Aina ya tatu ni lupasi ya ngozi. Hapa kinga ya mwili inageuka na kushambulia ngozi yenyewe. Huacha mabaka yenye magamba, katikati yamepauka na pembeni meusi, kichwani, usoni, na mara nyingi ndani ya bakuli la sikio. Jua huizidisha. Wachache miongoni mwa wagonjwa hawa ugonjwa huingia viungo vya ndani, kwa hiyo ukiwa na mabaka haya pamoja na maumivu ya viungo, homa zisizoeleweka au miguu kuvimba, wahi hospitali ukapimwe damu na mkojo.

Aina ya nne ni nadra, na ilielezwa Ufaransa na tabibu Quinquaud mwaka 1888. Vipele vya usaha huzuka kichwani, vikipasuka huacha ukoko, kisha kovu. Alama yake kubwa ni nywele nyingi kutoka katika tundu moja, tano, kumi au zaidi, kama nywele za mswaki. Bakteria wa ngozi huhusika, lakini si ugonjwa wa uchafu. Mtu anaweza kuoga mara tano kwa siku na akaupata.

Aina ya tano ni ya wanaume. Vinundu vigumu huota kisogoni, pale mashine ya kinyozi inapopita kila wiki, vikawasha, vikatoa damu au usaha, na mwisho vikaungana kuwa nundu moja isiyo na nywele. Ule utafiti wa Langa ulikuta takriban mwanamume mmoja katika kila kumi anavyo. Unyoaji wa kukwangua karibu kabisa na ngozi ndio unaovichochea.

Mwisho ni watoto wetu wa madrasa. Mapunye ya kawaida hayaachi kovu yakitibiwa. Lakini kuna mapunye makali yanayovimba kama jipu, yakawa laini na kutoa usaha, na mtoto akapata homa na matezi shingoni. Wazazi wengi hukimbilia kulipasua. Usilipasue! Hilo si jipu bali ni fangasi, na likiachwa au likipasuliwa linaweza kuacha upara wa kudumu kwa mtoto wa miaka saba. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini au tabinafini, kwa kipimo cha uzito wake, kwa wiki kadhaa mpaka tabibu aseme basi. Kunyoa kipara pekee si tiba.

Je, hijabu ndiyo inayoleta?

Swali hili naulizwa sana, na wapo wanaolitumia kuwatisha mabinti zetu. Jibu ni la hasha. Kitambaa juu ya kichwa hakiui mashina ya nywele. Tena kwa mwenye lupasi, mtandio unamkinga na jua, alichobakiza ni kukinga uso na masikio. Kinacholeta madhara ni kile kilicho chini ya hijabu: nywele zilizokusanywa na kubanwa kwa nguvu fundo moja kila siku, kamba ya mpira inayokaza paji la uso, pini zinazovuta sehemu ileile. Legeza fundo, badilisha mahali pa kulifunga, na ukifika nyumbani ziachie.

Vilevile baada ya kuoga josho au kuosha nywele, zikaushe kwanza kabla ya kufunika. Unyevu uliofungiwa hauleti upara wa makovu, lakini unakaribisha mba na fangasi, na muwasho wake unaweza kukuficha ugonjwa mkubwa zaidi, kama ulivyonificha mimi.

Hatari yenyewe ni nyingine. Kwa kuwa kichwa kimefunikwa na hakionwi na mtu, mgonjwa hupata nafasi ya kuuficha ugonjwa mpaka umekwisha kula nusu ya kichwa. Hijabu ni stara mbele ya wasiokuhusu. Si pazia la kumfichia tabibu maradhi.

Ukija kutibiwa

Dada yangu, mama yangu, una haki ya kuomba tabibu au muuguzi wa kike awepo. Una haki ya kuja na mumeo, mama yako au binti yako. Omba mlango ufungwe. Masheikh wetu wametufundisha kwamba haja ya tiba inaruhusu kufunua kwa kadiri ya haja. Kwa hiyo funua kichwa chote, si pembe moja. Na wewe tabibu mwenzangu unayesoma makala hii, usione haya kuomba. Mimi niliona haya, na aliyelipa ni mgonjwa.

Fumua nywele kabla ya kuja, na usipake mafuta mazito siku hiyo. Chukua na dawa zote ulizotumia, pamoja na za miti shamba, bila kuficha.

Wengi wetu tutaanzia zahanati, na hapo ndipo pa kuanzia. Lakini ukiona ngozi inayong'aa isiyo na vitundu vya nywele, au dawa ya fangasi haijasaidia kama tabibu alivyotarajia, omba rufaa. Hapa Dar es Salaam Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya ngozi. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho huwafunza matabibu kama mimi kwa miaka miwili wawe wataalamu wa ngozi na kuwarudisha mikoani na katika nchi jirani. Kwa hiyo ukiwa mkoani, uliza kama hospitali yenu ina tabibu aliyepitia huko.

Kipimo kikubwa ni kukata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita nne hivi, chini ya ganzi, na kukiangalia kwa hadubini. Wengi hukikimbia wakidhani ni upasuaji wa kichwa. Si hivyo. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na kinatwambia ni aina ipi, kwa sababu tiba zake hazifanani.

Tiba yake

Mara nyingi hutumika dawa kali ya kupaka ya kundi la steroidi, kama klobetasoli, au sindano ya triamsinoloni pale pale penye uvimbe. Zipo za kumeza kama doksisaiklini, ambayo haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo, na haidroksiklorokwini kwa wenye lupasi, ambayo inataka macho yapimwe mara kwa mara. Kwa ile aina ya usaha wataalamu huweza kutumia rifampisini pamoja na dawa nyingine. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, kwa hiyo usithubutu kuitafuta dukani na kuimeza mwenyewe. Unaweza kuzalisha usugu ukakudhuru wewe na jirani zako.

Na krimu za steroidi nazo, ambazo wengine huzitumia kujichubua, zisipakwe kichwani bila maelekezo. Zikitumiwa ovyo zinakonda ngozi na kuchochea fangasi.

Tiba ni ya miezi, pengine miaka. Ishara kwamba inafanya kazi ni moto na muwasho kupungua na mpaka wa upara kusimama. Muulize tabibu kama dawa ya kupaka inaweza kupakwa mara moja, usiku baada ya swala ya Isha, ili isikutie mashaka wakati wa kupaka maji kichwani katika udhu. Na kuhusu nywele za bandia kwa aliyekwisha kupata upara, hilo ni suala la kifiqhi, muulize sheikh wako. Mimi nitakwambia la kitabibu tu: usizigandishe kwa gundi juu ya ngozi yenye ugonjwa.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, msuko usiume. Msichana akilala usiku wa kwanza akishindwa kugeuza kichwa, au vipele vikatokea kwenye mistari, fumua. Kulia kwa mtoto wakati wa kusukwa si deko. Ni ngozi inayolalamika.

Pili, usiweke rasta za uzito mkubwa juu ya nywele zilizotoka kupakwa rilaksa, na usipake rilaksa juu ya ngozi yenye vidonda.

Tatu, baba na vijana wenye vinundu kisogoni, mwambieni kinyozi apunguze kwa mashine bila kukwangua. Hata anayekwenda Hijja au Umra ajue kwamba kupunguza nywele nako kumeruhusiwa. Azungumze na sheikh wa msafara wake kabla ya safari. Na wembe uwe mpya kwa kila kichwa, kuanzia cha mtoto wa akika mpaka cha babu, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita katika damu ya wembe.

Nne, kofia, taulo na vitana visichangiwe. Ustadh akiona mtoto mmoja ana mapunye, awaite wazazi, na ndugu zake wote nyumbani wakaguliwe. Asimfukuze wala kumwaibisha mbele ya wenzake.

Tano, aina nyingine tulizozitaja haziambukizi. Usitenge sahani, usitenge mto. Na wewe mume ambaye mkeo amepatwa, jua kwamba analolihofia kuliko yote ni neno lako. Yule mama aliniambia kuwa alichokificha miaka mitatu si upara, bali hofu ya kuletewa mke mwenza. Siku mumewe alipojua, alimpeleka mwenyewe kliniki kwa bodaboda, na kwa miezi ile yote ndiye aliyekuwa akimpaka dawa usiku.

Na yule binti je? Siku ile tulimwangalia na yeye. Utosini nywele zake zilikuwa zimeanza kukatika, fupi kama za mswaki uliochakaa, lakini vitundu vya nywele bado vilikuwepo. Aliacha rilaksa na rasta nzito, akaanza tiba mapema. Mpaka leo utosi wake una nywele. Mama yake husema kwamba alilolikosa yeye, mwanawe amelipata.

Basi, ndugu msomaji, wiki hii mnapofumuana nywele nyumbani, mama kwa binti na dada kwa dada, kaeni penye mwanga wa jua, gawanyeni nywele za utosini na mwangalie ngozi. Ikiwa vitundu vipo, mshukuruni Mwenyezi Mungu na mlegeze msuko. Ikiwa ngozi inang'aa na vitundu havipo, msisubiri Ramadhani ipite wala mavuno yaje. Nendeni kesho.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.